Upakaji rangi wa sehemu za ndani za gari

Upakaji rangi wa sehemu za ndani za gari ni kazi ya kurudisha au kubadilisha rangi ya vipande vinavyofunika upande wa ndani wa gari, yaani dashibodi, vifuniko vya milango, vifuniko vya nguzo za madirisha, kisanduku kilicho kati ya viti vya mbele, usukani, viti vyenyewe, zulia na kitambaa cha dari. Katika Afrika ya Mashariki kazi hii hufanywa zaidi kwenye magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, ambayo mara nyingi hufika yakiwa na umri wa miaka kadhaa na kisha hutumika miaka mingine mingi chini ya jua kali. Kwenye pwani na visiwani, kwa mfano Ras Kisimani katika kisiwa cha Mafia, chumvi na unyevu wa bahari huongeza ugumu wa kazi yenyewe, na rangi iliyopakwa bila maandalizi huanza kubanduka mapema.

Kupaka na kutia

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyosaidia kuielewa kazi hii. Rangi ya kupaka hukaa juu ya kitu kama ngozi nyembamba. Rangi ya kutia hupenya ndani ya nyuzi na kuwa sehemu yake. Wasusi wa mikeka wa pwani wanaijua tofauti hiyo vizuri: ukindu haupakwi kwa brashi, bali huchemshwa sufuriani pamoja na rangi ya unga mpaka rangi ikolee. Ndiyo maana mkeka hukunjwa na kukunjuliwa kwa miaka bila rangi yake kumenyeka, ingawa inaweza kufifia.

Ndani ya gari, kutia rangi kwa maana hiyo kunawezekana tu penye nyuzi au ngozi isiyofunikwa, na hata hapo kuna masharti. Plastiki haina nyuzi za kunywa rangi. Bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina la rangi ya kutia plastiki au vinaili ni rangi za kupaka zilizofanywa nyepesi sana. Kiyeyushi kilichomo hulainisha uso wa vinaili kwa muda mfupi, chembe za rangi zikashikamana nao, kisha kiyeyushi kikaruka. Tabaka linalobaki ni jembamba kiasi kwamba vinyweleo na mikunjo ya plastiki huendelea kuonekana, na hiyo ndiyo faida yake kubwa juu ya rangi ya kawaida. Jina lake tu ndilo linalopotosha, kwa kuwa mnunuzi hudhani rangi imeingia ndani na haiwezi kukwanguka.

Kwa nini rangi ya ndani huharibika

Magari ya zamani hayakuwa na tatizo hili kwa kiwango cha leo. Land Rover zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948 zilikuwa na dashibodi ya bati iliyopakwa rangi, na fundi aliyeweza kupaka mlango kwa nje aliweza pia kupaka dashibodi. Kadiri plastiki laini na povu vilivyochukua nafasi ya bati, uharibifu mpya ulitokea.

Kisababishi cha kwanza ni joto. Gari lililofungwa madirisha na kuegeshwa juani hupata joto kubwa kuliko hewa ya nje, na uso wa dashibodi unaweza kufika nyuzi 70 za Selsiasi na zaidi. Vinaili, yaani PVC iliyolainishwa, huwa laini kwa sababu imechanganywa na mafuta maalumu ya kulainisha. Joto huyatoa mafuta hayo kidogo kidogo. Sehemu yake huruka na kuganda kwenye kioo cha mbele kama ukungu wenye mafuta, ule ambao dereva huufuta leo na kuukuta tena wiki ijayo. Plastiki iliyobaki hukauka, hujikunja na hatimaye hupasuka, hasa kuzunguka matundu ya hewa.

Cha pili ni miali ya jua. Kioo cha mbele hutengenezwa kwa vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, na utando huo huzuia karibu miali yote ya urujuanimno. Vioo vya pembeni kwa kawaida ni vya tabaka moja na hupitisha sehemu kubwa zaidi ya miali hiyo. Kwa hiyo sehemu za juu za milango na migongo ya viti vya nyuma hufifia upande mmoja kuliko mwingine, kutegemea gari huegeshwa likielekea wapi.

Cha tatu ni unyevu. Swichi, vishikio na vifuniko vingi vya magari ya tangu miaka ya 1990 vilipakwa kiwandani utando laini wa poliyurethani ili vipendeze kuguswa. Unyevu na joto huvunja utando huo kikemikali, nao ukawa unanata kama asali iliyomwagika. Baadhi ya dashibodi zenyewe zimepata kasoro ya namna hiyo. Nchini Marekani kampuni ya Toyota iliandaa mpango wa kubadilisha dashibodi za aina kadhaa za magari yake zilizokuwa zikinata na kung'aa kupita kiasi. Magari ya Afrika ya Mashariki hayakuwa na mpango wa namna hiyo, na mwenye gari hubaki na mambo mawili: kutafuta dashibodi iliyotumika au kuirekebisha aliyonayo.

Hali ya Ras Kisimani

Ras Kisimani ni rasi iliyoko upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, mkoa wa Pwani, ikitazama delta ya mto Rufiji. Karibu nayo yapo mabaki ya mji wa kale wa Kisimani Mafia, ambao sehemu yake kubwa imeliwa na bahari. Iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita wima juu yake mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Gari lililoegeshwa pale siku hizo hupokea jua lote kwenye paa na kwenye dashibodi. Kivuli kinachopatikana kwa wingi ni cha minazi, nacho kina hatari yake; wenye magari wengi huona heri dashibodi ichomwe na jua kuliko nazi iangukie kioo.

Upepo wa bahari huleta chembe ndogo za chumvi ambazo huingia ndani ya gari kupitia madirisha na matundu ya hewa, zikakaa juu ya kila kitu. Kwa macho hazionekani. Hata hivyo chumvi hunyonya maji kutoka hewani, na ikifunikwa kwa rangi huendelea kuyanyonya chini ya rangi hiyo. Matokeo yake ni vipele vidogo vinavyotokea miezi michache baada ya kazi, kisha rangi kubanduka kwa mapande. Mafundi wengine hulaumu rangi waliyouziwa, lakini mara nyingi kosa lilikuwa kwenye kuosha.

Hapa ndipo maji ya kuoshea yanapokuwa na umuhimu. Jina Kisimani lina maana ya mahali penye kisima, ila visima vya karibu na bahari aghalabu huwa na maji ya chumvichumvi. Kipande kilichosuuzwa kwa maji hayo hubaki na chumvi ileile iliyokusudiwa kuondolewa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi yanafaa zaidi kwa msuuzo wa mwisho, na ndoo moja inatosha kwa vifuniko vya milango yote minne.

Suala la gharama pia ni tofauti kisiwani. Anayeishi Dar es Salaam anaweza kwenda Gerezani au Ilala akatafuta kifuniko cha mlango kilichotolewa kwenye gari jingine. Aliyeko Mafia lazima akiagize, kisafirishwe hadi Nyamisati, kisha kivuke bahari mpaka Kilindoni, na kikifika huenda kikawa cha rangi nyingine. Kwa hiyo kupaka rangi huko si urembo tu. Mara nyingi ndiyo njia pekee ya kufanya kipande cha kijivu kilichopatikana kiingie katika gari lenye ndani ya rangi ya maziwa.

Kutambua aina ya plastiki

Kabla ya kununua rangi, fundi anapaswa kujua anapaka nini. Nyuma ya vipande vingi vya plastiki pameandikwa alama kati ya mabano ya pembe, kama vile >ABS<, >PP<, >PVC< au >PC+ABS<. Huo ni utaratibu wa kimataifa uliowekwa kwa ajili ya urejelezaji, lakini unamfaa sana fundi rangi.

ABS ni plastiki ngumu inayotumika kwenye vifuniko vya saa za dashibodi na vipande vya katikati. Hupokea rangi bila shida. PP, yaani polipropileni, ndiyo hutumika zaidi kwenye vifuniko vya nguzo, sehemu za chini za milango na visanduku, na ndiyo inayowaaibisha mafundi. Uso wake haushikani na kitu. Hata gundi nyingi huteleza juu yake. Rangi ikipakwa moja kwa moja hukauka vizuri, hupendeza, kisha hubanduka kwa ukucha. Viwandani uso wa polipropileni hupitishiwa ndimi za moto au umeme ili uweze kushika rangi. Kwenye gereji hutumika praima maalumu ya plastiki, isiyo na rangi au ya kijivu hafifu, ambayo hupakwa kidogo sana na kufuatiwa na rangi kabla haijakauka kabisa, kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Ikiwa alama imefutika, wengine hukata kipande kidogo kutoka upande usioonekana na kukitumbukiza majini. Polipropileni huelea, ABS huzama. Jaribio hilo ni zuri ila lina mtego: polipropileni nyingi za magari huchanganywa na unga wa talki ili ziwe ngumu, na zikiandikwa >PP-T20< maana yake talki ni asilimia 20. Hizo huzama kama ABS. Anayetegemea ndoo ya maji peke yake atakosea. Palipo na shaka ni afadhali kutumia praima ya plastiki. Kwenye ABS haina madhara.

Kuosha na kuandaa

Vipande hutolewa garini kwanza. Kupaka kipande kikiwa mahali pake, huku vioo na viti vikifunikwa kwa magazeti, huokoa saa moja na kuharibu kazi yote, kwa kuwa rangi haifiki kwenye kingo na vumbi la rangi hutua kwenye kila kitu. Vibanio vya plastiki vya magari ya zamani vimekauka na huvunjika vikivutwa kwa nguvu. Asubuhi, kabla gari halijapata joto, huwa vigumu zaidi. Gari likikaa juani kidogo hulegea na kutoka kwa urahisi.

Adui mkubwa wa rangi ndani ya gari ni dawa ya kung'arisha dashibodi. Waosha magari huipaka kwa wingi ili mteja aone mng'aro, na nyingi zina silikoni. Silikoni haiondoki kwa sabuni ya kawaida kwa mara moja, na pale ilipobaki rangi hukimbia na kuacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Kipande huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kwa brashi laini, husuuzwa, huoshwa tena, kisha hufutwa kwa spiriti ya isopropili kwa kitambaa safi kinachogeuzwa kila mara. Kitambaa kilekile kikitumika mwanzo hadi mwisho kinahamisha mafuta kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Petroli haifai kwa kazi hii, ingawa hutumiwa. Huacha mabaki ya mafuta, huyeyusha baadhi ya plastiki, na mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo. Thina kali nayo huweza kuipasua ABS iliyochoka.

Utando unaonata hauwezi kufunikwa kwa rangi. Lazima uondolewe wote kwa spiriti na uvumilivu mpaka plastiki ngumu ya chini ionekane. Ni kazi ya kuchosha, lakini wengi huridhika na plastiki hiyo ikiwa tupu na hawaoni tena haja ya kuipaka.

Plastiki laini isiyo na mikunjo husuguliwa kwa msasa mwembamba wa maji, namba 400 hadi 600, ili rangi ipate pa kushika. Iliyo na mikunjo ya kuiga ngozi haipigwi msasa, kwa kuwa mikunjo ikifutika hairudi. Hiyo husuguliwa kwa dodoki la plastiki la kuoshea vyombo pamoja na sabuni. Nyufa hujazwa puti inayopinda. Puti ngumu ya bodi hupasuka upya mara gari linapoanza kupita kwenye mashimo. Ikumbukwe kwamba mikunjo ya ngozi haiwezi kuigwa kirahisi juu ya puti, na ufa mkubwa uliojazwa huonekana hata ukipakwa rangi nzuri kiasi gani.

Kupata rangi inayofanana

Magari mengi ya Toyota yana kibati chenye maandishi C/TR. Alama za kwanza baada ya hapo zinaonyesha rangi ya bodi na zile zinazofuata zinaonyesha mapambo ya ndani. Wauza rangi wa mjini huweza kutumia alama ya bodi, lakini ya ndani mara nyingi hawana orodha yake. Kinachofanyika ni kupeleka kipande chenyewe dukani na kuchanganya kwa macho, na hapo ni vyema kuangalia upande wa ndani ambao haukupigwa na jua, kisha kuamua kama inatakiwa rangi ya siku gari lilipotoka kiwandani au rangi ya leo. Kama ni kifuniko kimoja tu kinachopakwa, rangi ya leo ndiyo itakayofanana na wenzake.

Kiwango cha mng'aro ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Plastiki za ndani za kiwandani karibu zote ni za kufifia, na kipande kilichopakwa rangi ya kung'aa hujitangaza hata kama rangi yenyewe imelingana.

Kupuliza

Rangi hupulizwa kwa kopo au kwa bunduki ya kompresa kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 25, mkono ukianza na kumaliza nje ya ukingo wa kipande. Tabaka 3 au 4 nyembamba, zikipishana kwa dakika 10 hadi 15, ni bora kuliko 1 nene. Tabaka la kwanza halipaswi kufunika; linaonekana kama vumbi lenye madoa, na wanafunzi wa ufundi hushindwa kuvumilia sura yake wakaongeza papo hapo. Matone huanzia hapo.

Hewa ya pwani ina tabia moja ya kuangaliwa. Kiyeyushi kinaporuka huchukua joto, na uso wa kipande hupoa. Hewa ikiwa na mvuke mwingi, umande hutua juu ya rangi mbichi na kuifanya kuwa nyeupe kama imepakwa maziwa. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hali hii hutokea mara kwa mara, pia jioni za misimu mingine. Miezi mikavu ya kusi inafaa zaidi, ila kusi huvuma, na upepo huo huo unaokausha rangi huleta mchanga na chumvi. Kwa hiyo kazi hufanywa asubuhi umande ukishakauka na upepo haujachangamka, mahali palipozibwa upande wa bahari lakini pasipofungwa kabisa. Sakafu ya mchanga hunyunyiziwa maji kwanza ili vumbi lilale.

Rangi hukauka kuguswa ndani ya saa moja hivi, lakini kipande hakirudishwi garini kabla ya siku moja kupita, na hakipaswi kusuguliwa kwa wiki nzima.

Viti, ngozi na nyuzi

Ngozi ya magari ya kisasa si ngozi tupu. Kiwandani hufunikwa na tabaka la poliyurethani lenye rangi, kwa hiyo hurekebishwa kwa rangi ya kupaka ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, inayopinda pamoja nayo, juu yake vanishi ya kufifia isiyo na rangi. Dawa ya viatu haifai. Hukolea siku ya kwanza na kuhamia kwenye nguo siku ya pili, na aliyekalia kiti kama hicho akielekea msikitini Ijumaa kwa kanzu nyeupe hataisahau gari hiyo.

Kitambaa ndicho kinachowadanganya watu zaidi. Rangi za unga zinazouzwa sokoni kwa ajili ya nguo za pamba hazina nguvu juu ya poliesta, na vitambaa vingi vya viti vya magari ni poliesta. Nyuzi hizo hutiwa rangi viwandani kwa joto la karibu nyuzi 130, ndani ya mitambo yenye shinikizo. Rangi ya pamba ikimwagwa juu yake hukaa kama vumbi na kutoka na jasho. Zulia la nailoni linaweza kutiwa rangi kwa rangi za tindikali zenye joto la karibu na kuchemka, jambo lisilowezekana bila kulitoa garini na kuwa na chombo kikubwa. Kwa viti vya kitambaa vilivyofifia, njia ya busara ni kwa fundi wa viti, ambaye atashona foronya mpya, si kwa fundi rangi.

Kitambaa cha dari kinachoning'inia hakihitaji rangi wala gundi ya kupulizia juu. Kilichooza ni povu lililo nyuma yake, na hubanduliwa chote, povu likakwanguliwa, kikabandikwa kipya.

Sehemu zisizopaswa kupakwa

Mkanda wa usalama haupakwi wala kutiwa rangi, hata ukiwa umefifia vipi. Kemikali za rangi na za kung'arisha zinaweza kudhoofisha nyuzi zake bila dalili ya nje, na watengenezaji huonya juu ya hilo kwenye vitabu vya magari yao. Nchini Kenya kanuni za usafiri wa umma zilizoanza kutumika mwaka 2004, maarufu kwa jina la waziri John Michuki, zililazimisha matatu kufunga mikanda kwa abiria. Kwa kuwa matatu hupambwa mno kwa ndani, kishawishi cha kulinganisha mikanda na viti ni kikubwa. Anayetaka mikanda ya rangi nyingine anunue mipya iliyotengenezwa hivyo.

Kifuniko cha mfuko wa hewa, kinachotambulika kwa herufi SRS AIRBAG kwenye usukani na mbele ya abiria, kimetengenezwa kwa mstari dhaifu uliofichwa ndani ili kipasuke kwa namna iliyopangwa. Puti ikijazwa juu ya mstari huo, au rangi ikirundikwa tabaka juu ya tabaka, kifuniko kinaweza kuchelewa kupasuka au kurusha vipande vigumu usoni mwa mtu. Mfuko hujaa katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kwa kasi hiyo kipande kidogo cha puti si kitu kidogo. Aliye makini hukiacha kama kilivyo na kulinganisha vipande vingine nacho. Hata kazi ya kutoa usukani au dashibodi yenye mfuko huanza kwa kuchomoa waya wa betri na kusubiri. Miongozo ya Toyota hutaja sekunde 90 au zaidi.

Sehemu ya juu ya dashibodi haipaswi kupakwa rangi nyeupe wala ya kung'aa. Jua huiakisi kwenye kioo cha mbele, na dereva akawa anaitazama barabara kupitia kivuli cha dashibodi yake. Kwenye barabara nyeupe ya mchanga na mawe ya matumbawe, saa sita mchana, mtoto anayekatisha njia anaweza asionekane mpaka amekaribia.

Pedali na sehemu ya usukani inayoshikwa pia huachwa, kwa sababu rangi huteleza.

Afya ya fundi

Nchini Tanzania sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kwenye gereji bubu, chini ya mti au ndani ya banda la mabati. Chini ya mti ni afadhali. Mvuke wa thina huumiza kichwa na kulevya, na kwa miaka mingi huathiri mishipa ya fahamu.

Hatari kubwa zaidi ni vanishi na rangi za sehemu mbili, zile zinazochanganywa na kigumisho kabla ya kupulizwa. Kigumisho chake kwa kawaida kina isosianati, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kazini. Mtu anaweza kuitumia kwa miaka bila dalili, kisha mwili ukaikataa, na tangu hapo hata kiasi kidogo kikambana kifua. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii chochote. Mafundi wa viwandani huvaa vifaa vinavyoleta hewa safi kwa bomba kutoka nje. Kwa kuwa vipande vya ndani havipigwi na mvua wala mawe ya barabarani, hakuna sababu ya kutosha ya kutumia vanishi hizo. Rangi ya sehemu moja, au ya maji, inatosha.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na vyuo vya VETA hufundisha kazi za bodi na rangi za magari. Gereji bubu nyingi hata hivyo hulea vijana wanaojifunza kwa kutazama, nao hujifunza pia kupuliza wakiwa wamefunga fulana puani.

Mabaki ya thina na maji ya kuoshea bunduki hayamwagwi ardhini. Katika rasi ya mchanga kama Kisimani ardhi haichuji kitu. Kinachomwagwa hushuka hadi kwenye maji ya kisima. Thina chafu huachwa kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, mbali na moto, mpaka rangi itulie chini, na iliyo safi juu hutumika tena kuoshea. Matope ya rangi yanayobaki huachwa yakauke kabisa kwenye kopo la bati, yakawa kitonge kinachoweza kutupwa pamoja na taka ngumu.